Usafiri wa Umma Bila Nauli: Nani Hulipa?

Maana: Ni huduma ambayo abiria halipi chochote anapopanda basi au treni. Gharama za mafuta, vipuri na mishahara ya madereva hubaki palepale, ila hulipwa kwa kodi. Luxembourg ilifuta nauli nchi nzima mwaka 2020, isipokuwa daraja la kwanza la treni.

Hali ya Tanzania: Nauli haijafutwa, bali mwanafunzi hupunguziwa. Desemba 2023 LATRA ilipandisha nauli ya daladala kwa safari isiyozidi kilomita 10 kutoka shilingi 500 hadi 600. Mwanafunzi alibaki kwenye 200. Pengo la shilingi 400 humwangukia mwenye gari, si hazina ya serikali. Ndiyo maana baadhi ya makondakta huwazuia wanafunzi mlangoni.

Hoja za kuunga mkono
(i) Wanafunzi huwahi vipindi.
(ii) Wenye kipato kidogo hufika kazini na hospitalini.

Hoja za kupinga
(i) Fedha hupungua kwa huduma nyingine, kama maji na madarasa.
(ii) Mkulima wa pamba wa Kimali, mkoani Simiyu, hulipa kodi anaponunua sabuni, lakini basi la bure la Dar es Salaam halimfikii.

Zingatia: Usiishie kuandika "serikali itoe bure". Taja chanzo cha fedha, anayenufaika na anayebeba gharama.

Swali: "Nauli nafuu ya mwanafunzi ilipwe na serikali, si mwenye daladala." Jadili.