Barafu ya Kibo na Maji ya Mfongo

Mhariri wa gazeti letu aliniomba niandike habari za mkutano wa watu wanaojitolea kutetea tabianchi, uliofanyika upande wa Marangu wakati wa likizo ya Juni. Nilihudhuria pamoja na wanafunzi watano wa chama chetu cha mazingira. Nilimjibu kwamba nitaandika, lakini si habari za hotuba na vyakula. Nitaandika somo la Jiografia, maana huko mkutanoni nilisahihishwa mbele ya watu, na kosa lenyewe nimewafundisha ninyi kwa muda wa miaka sita.

Walikuja watu kama sitini kutoka mikoa minne ya kaskazini, yaani Kilimanjaro, Arusha, Manyara na Tanga. Hapana hata mmoja alipwaye mshahara kwa kazi hii. Walikuwako walimu, wakulima wa kahawa, mama mmoja mfuga nyuki kutoka Lushoto, vijana waliomaliza kidato cha sita wanaongojea nafasi za chuo, na fundi baiskeli mmoja ambaye maswali yake yalitusumbua siku zote mbili. Kazi yao ni kuzunguka vijijini na mashuleni kueleza mabadiliko ya tabianchi, na kupeleka maombi kwa wenye mamlaka. Safari hii walikutana ili watunge waraka mmoja kwa madiwani, kuomba vyanzo vya maji vilindwe na fedha zitengwe kwa kazi hiyo.

Asubuhi ya kwanza ilikuwa ya baridi kali na manyunyu, kama ilivyo desturi ya mlimani mwezi wa Juni. Fundi baiskeli alisimama, amejifunika blanketi, akauliza, "Hilo joto tunalolihubiri liko wapi leo?" Watu walicheka, lakini swali lilikuwa zuri. Hali ya hewa ni habari ya leo na kesho. Tabianchi ni wastani wa hali hiyo kwa muda mrefu, na wataalamu huchukua miaka 30. Asubuhi moja ya baridi haiwezi kufuta wastani wa miaka 30, wala mchana mmoja wa joto hauwezi kuuthibitisha. Kwa sababu hiyo mtetezi asiyesema "Jana palikuwa na joto, mwaona?" ndiye anayestahili kusikilizwa. Dunia nzima ikipimwa, mwaka 2024 ulikuwa wa joto kuliko yote iliyopata kupimwa, hata kama sisi tulivaa masweta mwezi wa Juni.

Baada ya chai nilipewa kazi ya kusoma rasimu ya waraka. Mimi mwenyewe nilikuwa nimeandika aya ya kwanza, nayo ilianza hivi: "Barafu ya Kibo ndiyo inayolisha mito na mifongo yetu. Ikiisha, maji yatakauka." Niliisoma kwa sauti kubwa, na kwa kweli nilijiona nimesema vizuri.

Mzee mmoja aliyeketi karibu na mlango akainua fimbo yake. Alikuwa mwenyeji wa hapo, mmoja wa wazee wanaosimamia mfongo. Kwa wazazi walio mbali na mlima, mfongo ni mfereji wa asili uliochimbwa na Wachaga tangu zamani za mababu, unaoleta maji kutoka mtoni hadi kwenye vihamba vya migomba na kahawa.

"Mwalimu," akasema, "mfongo wangu nimeufuata mara nyingi hadi mwanzo wake. Unatoka kwenye kijito, na kijito kinatoka kwenye chemchemi msituni. Barafu iko mbali sana juu ya hapo, na katikati kuna jangwa la mawe. Nieleze, mwanangu, maji ya barafu hupita wapi?"

Sikuwa na jibu. Nilisema yanapita chini ya ardhi. Mzee akaniuliza nani aliyeyaona. Ndipo mtaalamu mmoja wa maji, aliyekuja naye kwa kujitolea, akasimama taratibu akasema kwamba mzee ana haki. Nilitamani kuketi, lakini kiti changu kilikuwa mbele ya watu wote.

Sasa chukueni kalamu, tufanye hesabu aliyotufanyia mtaalamu yule ubaoni. Mwaka 1912 barafu ya Kilimanjaro ilienea kilomita za mraba 11 na zaidi. Mwaka 2011 ilipimwa tena, ikakutwa imebaki kilomita za mraba 1.76 tu. Tujaalie kwamba barafu hiyo iliyobaki inapungua unene wa mita moja nzima kila mwaka, na kwamba yote inageuka maji. Tutapata mita za ujazo 1,760,000 kwa mwaka. Kwa kweli ni chini ya hapo, maana kule juu hewa ni kavu mno, na sehemu kubwa ya barafu hugeuka mvuke moja kwa moja bila kuwa maji kwanza.

Tutazame msitu. Ukanda wa msitu wa Kilimanjaro una eneo la kiasi cha kilomita za mraba 1,000. Moshi mjini hupata mvua ya milimita 900 hivi kwa mwaka, lakini msituni upande wa kusini, kwenye mwinuko wa mita 2,000 na kitu, hunyesha zaidi ya milimita 2,000. Kileleni haifiki hata 200. Tukiukadiria msitu wote wastani wa milimita 1,500, tutapata mita za ujazo 1,500,000,000. Gawanyeni wenyewe: ni mara 850 ya maji ya barafu. Hata tukisema miti na jua vinachukua robo tatu ya mvua hiyo, kinachobaki ni zaidi ya mara 200. Licha ya hayo, miti ya juu hunasa ukungu, ukadondoka chini kama mvua ambayo haikuhesabiwa humu.

Basi mito yetu ni watoto wa msitu, si wa barafu.

Mtu mmoja kutoka Arusha alikasirika. Alisema tukiiondoa barafu katika waraka, tumewapa silaha wale wasemao kwamba mabadiliko ya tabianchi ni uongo. Palikuwa na mabishano ya saa nzima, na nusu ya watu walikuwa upande wake. Mimi namheshimu, maana hofu yake haikuwa ya bure. Picha ya Kibo nyeupe inajulikana dunia nzima, nayo huwafungua watu mioyo upesi kuliko hesabu. Mwaka 2022 UNESCO ilitangaza kwamba barafu ya Kilimanjaro yakadiriwa kutoweka kufikia mwaka 2050, na huko si kusema uongo. Hata hivyo, kisa cha barafu hii kina matata. Ilianza kupungua mwishoni mwa karne ya 19, wakati hewa ya Afrika Mashariki ilipozidi kuwa kavu na theluji mpya ikawa haba. Joto la dunia limekuja kuongeza mzigo juu ya hayo. Ukimwambia mkulima kwamba mfongo wake hutoka kwenye barafu, naye ameuona unatoka kwenye chemchemi, hatakuamini hata utakapomwambia jambo la kweli.

Mambo ya kweli yapo tena yanauma. Mkulima mmoja wa kahawa alitusomea matokeo ya uchunguzi uliochapishwa mwaka 2015, uliotumia takwimu za kahawa ya Tanzania tangu miaka ya 1960. Wachunguzi waliona kwamba adui mkubwa ni joto la usiku. Kila digrii moja inayoongezeka usiku hupunguza mavuno kwa kiasi cha kilo 137 katika hekta. Katika ukumbi wote hapakusikika hata kikohozi, kwa maana wengi waliokuwamo wamesomeshwa kwa kahawa, na mimi ni mmoja wao. Kisha tukakumbushwa moto wa Oktoba 2020, ulioteketeza kiasi cha kilomita za mraba 95 mlimani. Miaka mikavu hufanya moto uende mbali, na moto hula ile miti ya juu inasayo ukungu. Hapo ndipo tabianchi inapougusa mfongo wa mzee, kwa njia ya msitu.

Tuliandika waraka upya usiku ule, watu saba na taa moja, kwa kuwa umeme ulikatika. Barafu tuliiweka katika aya ya nne, pamoja na sababu zake zote mbili. Aya ya kwanza sasa inasema habari za msitu, na inaomba mambo ambayo halmashauri inaweza kuyafanya: njia za kuzuia moto, walinzi wakati wa kiangazi, na miche ya asili kwenye ule ukanda wa msitu wa nusu maili uliotengwa mwaka 1941 ili wananchi wapate kuni na mbao. Fundi baiskeli alitaka tuongeze kwamba Afrika hutoa kiasi cha sehemu 4 tu katika 100 za hewa ya ukaa ya dunia. Tukakubali, ila tukaipeleka mwishoni, kwa sababu diwani wa hapa hawezi kuifunga mitambo ya ng'ambo.

Asubuhi nilimsomea mzee waraka wote, neno kwa neno. Alinisimamisha mara mbili, akaniuliza maana ya "vyanzo", kisha akaomba wino apige dole gumba.

Sasa nawaomba waliokuwa Kidato cha Pili mwaka jana, na ndugu zao waliowatangulia, wafungue madaftari yao mahali palipoandikwa "Mito ya Kilimanjaro". Ifuteni sentensi ya pili, ile niliyowaambia mwipigie mstari kwa kalamu nyekundu, mkaandike badala yake hesabu iliyo juu. Wazazi wenye mifongo nyumbani nawaomba wawaruhusu watoto kuufuata mfongo hadi mwanzo wake siku ya Jumamosi, wakiwa pamoja na mtu mzima. Kipima mvua tayari kimewekwa nyuma ya maabara. Kitasomwa kila siku saa tatu asubuhi, na zamu ya kwanza ni ya Kidato cha Tatu B.