Toni isipotee ukutani: kulinganisha Linux na projekta

Katika Lingala, moto ni mtu; motó, yenye toni ya juu mwishoni, ni kichwa. Tofauti yote imo katika kistari kimoja kidogo. Mwaka jana mwenzetu alipotetea kazi yake, vistari hivyo vilififia ukutani, na safu ya mwisho ya jedwali ilikatika. Mmoja wa jopo akauliza: «Toni ziko wapi?» Zilikuwamo katika faili, projekta ndiyo iliyozimeza.

Chanzo

Kompyuta zetu nyingi zina kioo cha nukta 1366 × 768. Projekta nyingi zina 1280 × 800. Kwa kawaida projekta hujitambulisha kwa kompyuta kwa taarifa iitwayo EDID. Waya wa VGA ukichakaa, taarifa hiyo haifiki, na mara nyingi Linux huishia kutoa 1024 × 768. Projekta huivuta picha hiyo ijae ukuta, na alama ndogo hufifia. Tena, vioo viwili vyenye vipimo tofauti vikionyesha picha ileile, upande wa kulia unaweza kukatika.

Tiba

1. Fungua terminali, andika:
xrandr
Soma jina la tundu la projekta (tuseme VGA-1) na la kioo chako (tuseme eDP-1). Nyota huonyesha kipimo kinachotumika sasa.

2. Kama 1280x800 imo katika orodha:
xrandr --output VGA-1 --mode 1280x800 --right-of eDP-1
Hapo kila kioo hubaki na kipimo chake. Sogeza slaidi upande wa kulia.

3. Kama haimo, itengeneze. Amri «cvt 1280 800 60» hukupa tarakimu hizi:
xrandr --newmode "1280x800_60.00" 83.50 1280 1352 1480 1680 800 803 809 831 -hsync +vsync
xrandr --addmode VGA-1 1280x800_60.00
Kisha rudia hatua ya 2 kwa jina hilo jipya.

Angalizo mbili. Amri hizi hufanya kazi chini ya Xorg. Ukiwa katika Wayland, chagua Xorg unapoingia, au tumia ukurasa wa mipangilio ya vioo. Pia hupotea kompyuta ikizimwa: ziandike katika faili moja utakayoiendesha siku ya utetezi.

Zoezi

Siku moja kabla, onyesha slaidi yenye moto na motó, kisha ukakae benchi la mwisho. Usipoweza kuzitofautisha, hata jopo halitaweza.