SOMO LA UFUNDI: CHENI MPYA, MENO MAPYA

Ndugu mfanyakazi, usinunue cheni peke yake ukaacha sproketi kuukuu. Meno yaliyochongoka huila cheni mpya upesi, na mshahara wako umepotea. Muuza spea huenda asikwambie. Nunua cheni na sproketi zote mbili, ukihesabu kwanza pingili za cheni ya zamani.

Zima injini. Legeza sproketi ya mbele kabla ya kutoa cheni, mwenzako akikanyaga breki ya nyuma. Klipu ya kiungo ifungwe upande wake usio na mwanya ukitangulia kule cheni inakokwenda. Ikigeuzwa yaweza kuchomoka, na cheni inayokatika njiani huweza kukaba gurudumu la nyuma ghafla.

Katika pikipiki nyingi ndogo, cheni ya chini icheze milimita 20 hadi 30 katikati. Ndipo ukaze ekseli.