Sebule yangu imegeuka duka, na wenzangu hawataki daftari

Shangazi,

Sisi ni marafiki watatu hapa Tanga, tunajuana tangu shule. Mwaka jana tulianza kuuza vyombo na samani za zamani: masinia na mabirika ya shaba, seti za kaure, taa za chemli, viti vya mninga. Duka ni sebule yangu, Ngamiani. Mmoja wetu ndiye mnunuzi. Anajua kuzungumza na wazee, anazunguka hadi Pangani na Muheza. Wa pili anapiga picha na kuziweka mtandaoni. Mimi nasafisha, natunza na kupokea wateja. Tulikubaliana kwa mdomo kugawana sawa.

Sasa mambo yanakwenda mrama. Wateja wanabisha hodi hata saa tatu usiku, na mume wangu anauliza kama anaishi nyumbani au stoo. Mpiga picha anachukua vyombo kupambia shughuli za watu. Juzi seti ya chai ya vikombe sita imerudi na vitano. Kubwa zaidi, mnunuzi alileta sanduku la njumu la marehemu bibi yake, tukaliuza shilingi 600,000 kwa mteja wa Arusha. Mpiga picha anataka tugawane kwa tatu. Mnunuzi anasema zote ni zake. Kaka zake nao wananipigia simu, eti sanduku ni la ukoo. Hela ninazo mimi. Juu ya hayo, mnunuzi ameona mlango wa kuchongwa huko Pangani, anataka tutoe akiba yote tukaununue. Nikisema tuandikiane, wananiambia siwaamini. Nifanyeje?

Mwenye Sebule, Tanga

Mwanangu,

Tuanze na hela za sanduku, maana hizo ndizo zinazoweza kukufikisha kwenye baraza la kata. Usizigawe, wala usimkabidhi mtu mmoja kwa siri. Mpiga picha hana theluthi hapo, kwa kuwa sanduku halikununuliwa kwa mtaji wenu. Liliingia kwenu kama mali kauli: mwenye mali analipwa, muuzaji anabaki na ujira wake. Ila mnunuzi naye asikimbilie kusema ni zake. Ikiwa bibi ameacha warithi wengine na mirathi haijagawanywa, alileta sokoni kitu cha watu wengi. Mwite yeye na kaka zake siku moja, awepo na mtu mzima wa ukoo wao. Wakielewana, kateni gharama ya usafiri na ujira mtakaokubaliana, kinachobaki wakipokee kwa sahihi zao. Wakililia sanduku lenyewe, mpigie mteja wa Arusha umwombe. Akikataa msimlaumu, yeye alinunua kwa nia njema. Na tangu leo kitu cha urithi kisivuke kizingiti chako kabla warithi hawajakubaliana.

Wanaokwambia kuandika ni kutoaminiana wajibu kwa methali wanayoijua: mali bila daftari hupotea bila habari. Kwa biashara yenu daftari lina uzito zaidi kuliko kwa muuza sukari, ambaye kilo moja kwake ni sawa na nyingine. Sinia lenu likipotea hamwendi Kariakoo kununua jingine kama lile. Kwa hiyo kila kipande kiwe na mstari wake: nani amekileta, kimenunuliwa kwa fedha ya nani, kwa bei gani, bei ya chini kabisa ya kukiuza ni ipi, na leo kiko wapi. Kasoro nazo ziandikwe bila haya: “Birika la shaba, mfuniko si wake, limebonyea karibu na mkono.” Mpiga picha aipige picha na hiyo sehemu iliyobonyea, ili mteja asije kudai kadanganywa.

Mjue pia kwamba sheria imeshawaona. Kwa Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, watu wanaofanya biashara kwa pamoja na kugawana faida ni wabia, wawe na karatasi au wasiwe nayo. Pasipo makubaliano mengine, faida na hasara vinagawanywa sawa, na deni la biashara linaweza kumwangukia yeyote kati yenu. Karatasi mnayoiogopa ndiyo ya kuwakinga.

Halafu nyumba yako. Kosa lenu ni kuhesabu fedha kama mtaji na kuiacha nyumba nje ya hesabu. Sebule, umeme, mlinzi na jioni za mumeo ni mtaji vilevile, na vinatakiwa kulipwa. Chukua mfano wa sinia lililonunuliwa shilingi 40,000, nauli na usafi 5,000, likauzwa 90,000. Rudisheni kwanza 45,000 kwenye mfuko wa manunuzi. Katika 45,000 iliyobaki toeni 4,500 ya pango lako na 4,500 ya kuweka akiba kwa vitakavyovunjika. Inabaki 36,000, kila mmoja 12,000. Hapo “sawa” inakuwa sawa kweli.

Wateja waje kwa miadi, mchana, na saa kumi na mbili jioni mlango wa biashara ufungwe. Vyombo vihamie chumba kimoja chenye kufuli, sebule irudi kwa wenyewe. Kama mmepanga, mwambieni mwenye nyumba kabla hajaambiwa na jirani. Shughulikieni pia namba ya mlipakodi na leseni ya halmashauri.

Kupamba shughuli kwa vyombo vya kale ni biashara nzuri, basi na ifanywe kibiashara. Mpiga picha aviandike vinapotoka, mwenye shughuli alipe kodi na aweke amana. Kikombe kilichopotea kisilipwe bei ya kikombe kimoja. Anayetafuta seti ya vikombe sita hataki ya vitano, kwa hiyo aliyekipoteza alipe kiasi ambacho bei ya seti nzima imeshuka.

Na wewe msafishaji, usiyasugue masanduku kwa msasa wala kuyapaka vanishi mpya ya kung'aa. Mnunuzi anayejua vitu anataka auone umri wake. Sufuria ya shaba ambayo bati la ndani limekwisha usimwuzie mtu wa kupikia mchuzi wa ukwaju au ndimu, mpaka itiwe bati upya. Sahani za zamani zenye rangi za kumeremeta ziuzeni kuwa mapambo, maana nyingine zina madini ya risasi.

Kuhusu mlango wa Pangani, msitoe hata senti. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inalinda vitu vilivyotengenezwa nchini kabla ya 1863, na pia milango na fremu zilizochongwa kabla ya 1940. Huo mlango huenda umo humo. Nendeni kwanza mkaulize idara ya Mambo ya Kale. Mkijibiwa kwamba hauuzwi, mwacheni mwenyewe na mlango wake ubaki ukutani.

Waite wenzako wiki hii, mezani pawe na daftari na kalamu, muandike kipande kwa kipande mpaka kiishe cha mwisho. Atakayekataa kuandikwa mpeni haki yake kwa amani. Huyo abaki rafiki, asiwe mbia.

Shangazi