Mwaka Mmoja wa Kujifunza Kutengeneza Tovuti

Tulipoanza mradi wa shule, nilidhani tovuti huchorwa. Kumbe huandikwa. HTML hupanga yaliyomo: hiki kichwa, hii aya, hili jedwali. CSS huleta rangi na mpangilio, nayo JavaScript huufanya ukurasa uitikie unapobonyezwa.

Kundi letu lilichagua bei za mifugo katika soko la Garissa. Tuliweka picha kumi za ngamia, kila moja megabaiti 4. Shuleni ukurasa ulifunguka mara moja, maana mafaili yalikuwa ndani ya kompyuta ileile, hilo hatukuliwazia. Mwalimu alipouweka mtandaoni, mjomba aliujaribu akiwa Balambala, mtandao ukisuasua. Bando lake likaisha kabla ya bei kuonekana. Akanipigia: "Ngamia nawajua. Bei iko wapi?"

Muhula wa tatu wote ulikuwa wa kupunguza. Tulibakiza picha moja ya kilobaiti 60. Jedwali tukalipandisha juu kabisa, na kila bei ikaandikwa tarehe yake, kwa kuwa bei ya wiki jana humpotosha muuzaji. Tangu hapo, kila badiliko tunalijaribu kwanza kwa simu ya bei nafuu, nje ya shule.

Mjomba sasa anadai bei za mbuzi.