Vumbi la rangi kuukuu na afya ya mtoto

Idi inapokaribia, nyumba nyingi za Mji wa Kale, kuanzia Kibokoni hadi Ndia Kuu, huanza kunuka rangi. Mara nyingi kazi huanzia kwenye ujia wa kuingilia, kwa kuwa ndio unaoonwa na kila mgeni. Lakini msomaji, kabla hujamwita fundi au kushika brashi mwenyewe, fahamu kwamba hatari kubwa haimo katika rangi mpya. Imo katika ile ya zamani unayotaka kuikwangua.

Rangi nyingi za mafuta zilizouzwa miaka iliyopita, hasa za manjano na nyekundu, zilitiwa madini ya risasi. Siku hizi Kenya hairuhusu zaidi ya sehemu 90 za risasi katika kila sehemu milioni moja za rangi, ila kanuni hiyo haiiondoi rangi iliyokwisha kukaa mlangoni pako miaka thelathini. Ukiisugua kwa msasa mkavu hugeuka vumbi laini. Ujia ni mwembamba, hauna dirisha, na kila mtu hupita hapo, kwa hiyo vumbi hubebwa kwa nyayo hadi vyumbani. Mtoto anayetambaa hulishika, kisha hutia vidole kinywani. Mwili wake hufyonza risasi mara nne au tano kuliko wa mtu mzima, na huzidi akiwa na upungufu wa madini ya chuma au kalisiamu.

Risasi haimwangushi mtoto kwa siku moja. Tumbo humuuma, choo huwa kigumu, damu hupungua, na shuleni masomo humwia mazito. Wazazi hudhani ni minyoo. Kipimo cha damu ndicho kinachobainisha, na ubongo ukishadhurika dawa hairudishi kilichopotea. Hatuna haja ya mfano wa mbali: wakazi wa Owino Uhuru, karibu na Mikindani, walidhurika na risasi ya kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kilichofungwa mwaka 2014.

Basi ufanyeje? Ikiwa rangi ya zamani imeshika imara, usiikwangue. Ioshe, iache ikauke, upake juu yake. Palipobanduka, lowesha kwa maji kwanza ndipo uparue, na kamwe usiichome kwa moto. Tandika karatasi ya nailoni sakafuni. Usifagie, pangusa kwa kitambaa kibichi, na nguo za kazi zifuliwe peke yake. Watoto na mama wajawazito walale kwa jamaa mpaka kazi iishe.

Kuta za mawe ya matumbawe zina tabia yake. Hunyonya unyevu na kuutoa, na chokaa huuruhusu upite. Ukizifunika kwa saruji au rangi ya mafuta, unyevu hubaki ndani, rangi hufura, na ukungu huota. Mwenye pumu ndiye wa kwanza kuuhisi. Mimi ningechagua chokaa, hata kama jirani atasema ni ya kizamani. Ila chokaa mbichi huunguza jicho. Ikiingia, osha kwa maji mengi yanayotiririka kwa dakika ishirini, kisha nenda hospitali.

Wengi humalizia kwa rafu za mbao walizojitengenezea, mahali ambapo wazee walikuwa na zidaka. Kuta hizo humumunyuka, hivyo skurubu fupi hulegea. Rafu ndefu isimame juu ya miguu yake na ifungwe ukutani. Vitu vizito vikae chini. Lakini mafuta ya taa na tepentini iliyobaki visikae chini, wala visitiwe katika chupa ya soda, maana mtoto mwenye kiu hasomi. Akinywa, usimtapishe wala usimpe maziwa: mafuta yakirudi juu huingia mapafuni, na hapo ndipo yanapoua. Mvue nguo zilizolowa, mpeleke Hospitali Kuu ya Pwani au iliyo karibu nawe, na uichukue chupa hiyo ukamwonyeshe daktari.