Mbwa wa Kuwinda na Daktari Anayemfaa

Mbwa wa kuwinda huhitaji daktari wa mifugo kwa mambo mengi: chanjo ya kichaa cha mbwa, majeraha, kupe na minyoo. Kazi hizo daktari ye yote aliyefuzu huziweza. Lakini yako maradhi ambayo dalili zake hufanana na za maradhi mengine, na hapo ndipo daktari anayefaa hujulikana. Mfano mmoja ni maradhi ya figo ya mbwa aitwaye basenji.

Basenji ni mbwa mdogo wa kuwinda, mwenye asili ya misitu ya Kongo. Habweki kama mbwa wengine; kwa hiyo wawindaji humfunga kengele ya mti ili wajue alipo. Mwaka 1895 basenji wawili walipelekwa Uingereza, wakafa upesi kwa maradhi ya distempa. Ukoo wake ulistawi huko katika miaka ya 1930, kisha Marekani. Wengi wa mbwa hao wa ng'ambo ni wazao wa wazazi wachache, na kasoro iliyojificha katika wachache ikaenea kwa wengi.

Kasoro hiyo huitwa sindromu ya Fanconi. Ili kuielewa, yafaa kukumbuka kazi ya figo. Damu ifikapo katika figo huchujwa. Maji, glukosi, asidi za amino na chumvi huingia katika vineli vidogo. Vineli vyenye afya huifyonza karibu glukosi yote na kuirudisha katika damu. Uwezo huo una kikomo. Glukosi ya damu ya mbwa ikizidi takriban miligramu 180 hadi 220 kwa kila mililita 100, ile ya ziada hutoka na mkojo. Ndivyo ilivyo katika ugonjwa wa kisukari.

Katika sindromu ya Fanconi damu haina sukari ya ziada. Vineli ndivyo vilivyopoteza uwezo wa kufyonza. Mbwa hunywa maji mno, hukojoa mno na kukonda, sawasawa na mgonjwa wa kisukari. Mara nyingi dalili huanza akiwa na umri wa miaka 4 hadi 8.

Tuchukue madaktari wawili. Wa kwanza hupima mkojo, huona sukari, kisha huagiza insulini. Dawa hiyo hushusha sukari ambayo haikuzidi. Mbwa aweza kuzimia, hata kufa. Wa pili huona sukari ile ile, lakini hupima damu pia. Akikuta glukosi ni ya kawaida, hutambua kwamba kasoro imo katika figo, wala si katika kongosho. Hupima asidi ya damu, humpa mbwa sodiamu baikaboneti na madini aliyopoteza, na humwonya mwenye mbwa asimnyime maji. Mbwa akitibiwa hivyo mapema aweza kuishi miaka mingi.

Basi mwenye mbwa amwulize daktari maswali matatu. Je, amewahi kumtibu mbwa wa ukoo huu? Akiona sukari katika mkojo, hupima nini baadaye? Asipokuwa na maabara, sampuli huzipeleka wapi? Daktari ambaye hajapata kumwona basenji, lakini yu tayari kupima na kuulizia kwa wenzake, ni bora kuliko mwenye jibu la haraka.

Hatimaye, kinga. Mbwa huugua akirithi jeni yenye kasoro kutoka kwa wazazi wote wawili. Aliye na moja tu haugui, bali huweza kuirithisha. Siku hizi kipo kipimo cha jeni, nacho chafaa kufanywa kabla ya mbwa kupandishwa.

MASWALI
1. Kwa nini kupima mkojo peke yake hakutoshi kuthibitisha kisukari?
2. Glukosi ya damu ya mbwa ni miligramu 95 kwa mililita 100, na mkojo wake una sukari. Eleza kasoro iko wapi.
3. Basenji wawili, kila mmoja akiwa na jeni moja yenye kasoro, wamezaana. Ni sehemu gani ya watoto wao inayotazamiwa kuugua?